Timbo Lililogeuka Bustani



Ndugu wapendwa, juma hili naandika juu ya matembezi. Najua wapo watakaoshangaa, maana tafakari hizi kwa kawaida hufuata masomo ya Dominika, na matembezi ya jumuiya zetu ndogondogo hayamo katika somo lolote. Lakini jambo lenyewe lilizua mjadala katika Baraza la Parokia, na mjadala huo haukumalizika. Ulikatizwa tu na sala ya kufunga kikao. Wazee wawili, ambao nawaheshimu na ambao majitoleo yao katika ujenzi wa kanisa jipya yanajulikana na wote, walisema kwamba fedha za kukodi mabasi mawili na kulipia viingilio zingefaa zaidi kununua saruji. Kuta zimefika kwenye linta, walisema, na mvua haimngoji mtu. Kwenda kutazama twiga ni anasa.

Tulikwenda hata hivyo, kwa kura chache zilizozidi. Na kwa kuwa siku ile katika kikao sikupata nafasi ya kueleza fikra zangu kwa utulivu, naomba kuzieleza hapa. Maoni yangu ni haya: parokia inayojenga ndiyo hasa ipasayo kwenda Haller Park, na ikifika huko isiishie kwa twiga.

Nianze na hilo neno anasa, ili nilimalize upesi. Sheria za Kanisa, katika kanuni ya 1247, zinapotutaka tushiriki Misa siku ya Dominika, zinatutaka pia tuache shughuli zinazozuia ibada, furaha ya siku ya Bwana, na mapumziko yanayostahili ya akili na mwili. Mapumziko yamo mlemle katika sheria, bega kwa bega na Misa. Wala Kitabu cha Kumbukumbu la Torati hakikuamuru pumziko kwa ajili ya mwenye nyumba peke yake. Kilimtaja mtumwa, mjakazi, mgeni, hata punda. Sasa tujiulize ni nani katika parokia yetu hapumziki. Si mimi. Si wazee wa Baraza, ambao jioni huketi barazani wakasoma gazeti. Ni mama anayeamka saa kumi za usiku kuchoma mahamri, akarudi kutoka sokoni kupika, na Dominika akafua nguo za juma zima. Ni binti wa kazi ambaye hata ruhusa ya kuja Misani huiomba kwa woga. Hao ndio waliojaza mabasi yetu mawili, na mwenye kusema kwamba walikwenda kula anasa aje aseme mbele yao.

Mmoja wao ni mama aliyeishi Bamburi kwa miaka 18, mahali ambapo mtu anaweza kwenda kwa miguu hadi lango la bustani. Hajawahi kuingia hata mara moja. Nilipomwuliza sababu alinijibu, "Padre, mimi nilidhani huku ni kwa Wazungu na watoto wa shule." Nimelitafakari jibu hilo. Mwenyeji hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni, kweli, lakini kwa familia ya watu sita hata hicho cha chini ni unga wa siku kadhaa. Na zaidi ya fedha kuna ile hisia kwamba pahali pazuri pana wenyewe, na wenyewe si sisi. Nauona huu kuwa ni umaskini wa namna yake, na hauondolewi kwa kuhubiriwa. Huondolewa kwa mtu kushikwa mkono na kuingizwa langoni.

Basi tukaingia. Na kama ilivyo kwa kila kundi liingialo pale, watu walikimbilia wanyama. Twiga walishusha shingo zao hadi kwenye jukwaa, wakachukua chakula viganjani mwa watoto kwa zile ndimi zao ndefu nyeusi, na kelele za furaha zilisikika hadi barabara ya Malindi. Mamba walilala kama magogo. Viboko walitoa pua na masikio tu. Choroa na pofu walitutazama kwa dharau kidogo. Kobe wakubwa, wale wa jamii ya visiwa vya Aldabra, walitembea katikati ya watu kama wazee wa mtaa wanaokagua harusi. Haya yote ni mema, nami sina neno dhidi yake. Lakini baada ya saa moja niliwaomba wanajumuiya wangu wasimame, waache kutazama mbele na juu, wakatazame chini, mahali walipokuwa wameweka nyayo.

Chini palikuwa na udongo. Mweusi, laini, wenye majani yaliyooza nusu. Ndicho kitu cha ajabu kuliko vyote katika bustani ile, kwa sababu mwaka 1971 hapakuwa na punje yake.

Pale tuliposimama palikuwa timbo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kuzalisha saruji mwaka 1954, na saruji, kwa asiyejua, hutengenezwa kwa kuchoma chokaa pamoja na udongo wa mfinyanzi katika tanuri kubwa, kisha kusaga kile kinachotoka. Chokaa ya pwani yetu ni mwamba wa matumbawe. Zamani sana, bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo sasa, pale palikuwa chini ya maji, na vijidudu vya matumbawe viliishi vikajenga nyumba zao hapo, vikafa, vingine vikajenga juu yake. Bahari iliporudi nyuma ukabaki mwamba. Kwa hiyo kila mfuko wa saruji tunaoununua kwa ajili ya kanisa letu umetokana na viumbe waliowahi kuwa hai baharini. (Nimewaambia watoto wa Utoto Mtakatifu jambo hili, na sasa wanagusa kuta za kanisa kwa heshima mpya, na pia kwa mikono yenye maembe.)

Basi kiwanda kilichimba mwamba huo kwa miaka, kikashuka hadi karibu kufikia maji yaliyo chini ya ardhi, ambayo kwa ukaribu wa bahari yana chumvi. Kilipomaliza sehemu moja kikahamia nyingine. Nyuma yake likabaki shimo pana lenye sakafu nyeupe ya mawe, iliyoshindiliwa na mashine, bila udongo, bila kivuli.

Tulikuwa na bahati ya kwenda na mzee mmoja wa parokia yetu aliyefanya kazi ya kibarua pale katika ujana wake. Nilimkuta ameegemea mti, kofia mkononi, amekaa kimya. "Mzee wangu, umechoka?" nikamwuliza. "Hapana, Padre. Natafuta mahali tulipokuwa tukila chakula cha mchana. Sipaoni." Kisha akanieleza kwamba hapo palikuwa kama kikaango, kwamba mwanga uliotoka kwenye yale mawe meupe uliwaumiza macho hata wakatembea wameinamisha vichwa, na kwamba hukuweza kukuta hata mjusi. "Mjusi atafuata nini?" alisema. "Hata nzi hawakuwako."

Mtu aliyelishughulikia shimo hilo alikuwa René Haller, Mswisi, mtaalamu wa kilimo, ambaye alikuwa amekuja kufanya kazi katika kampuni hiyo tangu mwaka 1959. Mwaka 1971 alianza kupanda miti katika timbo. Namtaja si kwa sababu alikuwa mgeni kutoka Ulaya. Tumekwisha kusikia hadithi za kutosha za mgeni anayekuja kutuokoa, na kazi ile ilifanywa kwa mikono ya wafanyakazi wengi wa hapahapa pwani ambao majina yao hayapo kwenye lango. Namtaja kwa sababu ya namna alivyoianza kazi hiyo. Alijaribu aina 26 za miti. Tafadhali ishikeni hesabu hiyo. Katika 26, zilizostahimili ni tatu tu: mnazi, mti mmoja wa asili ya Somalia uitwao kitaalamu Conocarpus lancifolius, na mvinje.

Aina 23 zilikufa. Nani kati yetu angeendelea? Tarehe 13 Novemba 2023 Serikali ya Kenya ilitangaza siku ya mapumziko ili wananchi wote wapande miti, katika mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Nasi tulipanda, tukapiga picha, tukaimba. Mwezi uliofuata nilizunguka uwanja wetu na kukuta mingi imekauka, na nilichosikia kutoka kwa waamini ni kwamba ardhi yetu haikubali miti. Ardhi yetu! Ardhi yenye udongo, kisima na kivuli cha ukuta. Naliona hapo tatizo letu la kitaifa, na hata la kiroho: twapenda siku ya kupanda kuliko mwaka wa kumwagilia. Hapajakosekana hotuba katika siku ya kupanda. Sijasikia hotuba ya siku ya kumwagilia.

Lakini turudi kwa mvinje, maana una siri yake. Ni mti tunaoudharau. Twaujua kama mti wa boriti, wa kuzuia upepo kando ya pwani, mti usio na tunda wala ua la kupendeza, wenye majani kama sindano yanayovuma usiku mithili ya mtu anayeguna. Hata hivyo mizizi yake ina vinundu, na ndani ya vinundu hivyo huishi bakteria ambao huchukua nitrojeni iliyo hewani na kuifanya kuwa chakula cha mti. Kwa hiyo mvinje hauhitaji kukuta ardhi yenye rutuba. Huvumilia chumvi, hukua upesi, na huanza pale ambapo miti mingine hukataa.

Likatokea tatizo lingine. Majani ya mvinje yalipoanguka hayakuoza. Yana tanini nyingi, ile dawa ya asili inayofanya gome la mkoko kufaa kutengenezea ngozi, na wadudu wadogo wa kawaida hawakuweza kuyavunja. Yakarundikana, makavu, juu ya mawe. Miti ilikuwako lakini udongo haukuwako. Na bila udongo miti mingine isingeweza kufuata. Hapo ndipo alipogunduliwa jongoo. Ndiyo, jongoo, yule mwenye miguu myekundu ambaye watoto humgusa kwa kijiti ajikunje na kina mama humfagia nje ya nyumba. Alionekana akiyala yale majani makavu. Basi majongoo wakakusanywa, wakaletwa timboni, wakala sindano za mvinje, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa mboji. Mboji ikakaribisha mbegu nyingine. Mbegu zikakaribisha ndege. Baadaye wakaja samaki wa kufugwa, mamba, swala. Na mwaka 1984 lango likafunguliwa kwa watu wote. Jina la Haller Park lilitolewa mwaka 1999.

Nilipomaliza kuwaeleza wanajumuiya habari hii, kijana mmoja wa kwaya alisema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini vya kutosha, kwamba sasa amejua mahali pake katika kwaya ni pa jongoo. Tulicheka sana. Namwambia hapa kwamba sauti ya besi bado inahitajika mazoezini siku ya Alhamisi.

Wengi wenu mtaniuliza kwa nini sijamtaja Owen. Naam. Yule mwanakiboko aliyekwama kwenye miamba ya bahari ya Malindi, karibu na mlango wa mto Sabaki, wakati wimbi la tsunami lilipofika pwani yetu tarehe 26 Desemba 2004. Akaokolewa kwa taabu na wavuvi, wanakijiji na maofisa wa wanyamapori, akapelekwa Haller Park, na huko akajishikamanisha na kobe mkongwe aitwaye Mzee kana kwamba ni mama yake. Dunia nzima iliijua hadithi hiyo. Kiliandikwa kitabu cha watoto mwaka 2006, kwa kazi ya Isabella na Craig Hatkoff pamoja na Paula Kahumbu, mwanasayansi wetu Mkenya aliyekuwa msimamizi wa mahali hapo, na picha zikapigwa na Peter Greste. Ni hadithi njema, na mahubiri mengi yametolewa juu yake, mengine na mimi mwenyewe. Lakini leo nataka kusema jambo moja tu kuihusu. Siku Owen alipookolewa swali la kwanza lilikuwa: apelekwe wapi? Palikuwa na pa kumpeleka kwa sababu miaka 33 kabla yake watu walikuwa wameanza kupanda miti juu ya mawe. Huruma ya siku moja ilipata mahali pa kulala kwa sababu ya uvumilivu wa miaka mingi. Vyombo vya habari viliiona huruma. Uvumilivu ule haukuwa na mpiga picha.

Sasa nifike kwenye neno lililonifanya nitake tuende huko, yaani malipizi.

Mtoto wa Komunyo ya Kwanza anajua kwamba kitubio kina sehemu zake. Kuna majuto, kuna maungamo, kuna malipizi. Katika kiti cha maungamo sehemu mbili za kwanza hazinisumbui. Watu hujuta na watu huungama. Ya tatu ndiyo twaifanya nyepesi mno, tukaikamilisha kwa Salamu Maria tatu kabla ya kutoka kanisani. Aliyeiba kuku amejuta, ameungama, amesali, kuku hajarudi. Zakayo hakufanya hivyo. Aliposhuka kutoka mkuyuni alitaja kiasi: nusu ya mali kwa maskini, na kwa aliyedhulumiwa mara nne. Hakungoja hakimu.

Katika timbo la Bamburi naona kitu kinachofanana na hicho. Aliyechimba ndiye aliyefukia, ndiye aliyepanda. Mwaka 1971 hapakuwa na sheria iliyomlazimisha. Sheria yetu ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ni ya mwaka 1999, na Sheria ya Madini inayodai ardhi iliyochimbwa irejeshwe katika hali ya kufaa ni ya mwaka 2016. Kazi ilianza miaka 28 kabla ya ile sheria ya kwanza, na ilianza wakati kiwanda bado kinachimba na bado kinapata faida, wala hakikusubiri kuishiwa.

Nasikia tayari pingamizi, na ni la haki. Tusiifanye kampuni ya saruji kuwa mtakatifu. Kampuni hufikiria jina lake. Utengenezaji wa saruji duniani hutoa takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya kaboni inayotokana na kazi za binadamu, na hakuna bustani inayofuta deni hilo. Msitu wa mivinje si ule msitu wa asili wa pwani uliokuwako kabla ya mashine, kilichoondoka kimeondoka. Haya yote nayakubali. Nakumbusha pia kwamba mwishoni mwa mwaka 2024 kampuni ya Amsons ya Tanzania ilinunua karibu hisa zote za Bamburi, na anayenunua mali hununua pamoja nayo wajibu wa kuitunza. Ni haki yetu, sisi tuishio jirani, kuangalia kama wajibu huo utatimizwa, na kusema endapo hautatimizwa. Hata hivyo mimi si wakili wa kampuni. Nauliza kuhusu sisi.

Kanisa letu jipya halijengwi kwa saruji peke yake. Limejengwa kwa mawe ya kukata, na mawe hayo yametoka katika matimbo madogo yaliyotapakaa kutoka Mombasa hadi Kilifi na kuendelea. Nani hajayaona? Mashimo yenye kuta wima, yaliyochongwa mraba kwa mraba, yaliyoachwa wazi mawe mazuri yalipokwisha. Mvua ikinyesha hujaa maji. Mbu huzaliana humo. Watoto huenda kuogelea. Nimewahi kuitwa kuzika mtoto wa miaka tisa kwa sababu ya shimo la namna hiyo, na sikuwa na neno la kumwambia baba yake. Mtu mmoja pale mazishini alisema ni mapenzi ya Mungu. La hasha! Mungu hakuchimba lile shimo. Lilichimbwa kwa sababu watu walitaka nyumba, shule, maduka, na makanisa, wakalipa bei ya jiwe bila kulipa bei ya shimo.

Baba Mtakatifu Fransisko alipochapisha waraka wa Laudato Si' mwaka 2015, tulifanya semina. Mwaka huohuo, tarehe 26 Novemba, alifika Nairobi katika ofisi za Umoja wa Mataifa, akapanda mti na kuzungumza juu ya dunia hii iliyo nyumba yetu sote. Tulitazama kwenye televisheni ukumbini na kupiga makofi. Ameshatutoka, apumzike kwa amani, na waraka wake umetimiza miaka 10 mnamo Mei 2025. Nakala yetu ya parokia iko ofisini, safi kabisa, kurasa zake hazijakunjwa. Naona aibu ya kifungu kimoja kuchapishwa kwenye fulana za vijana huku mawe ya kanisa letu wenyewe yakiwa yameacha shimo ambalo hakuna yeyote kati yetu aliyewahi kwenda kulitazama.

Kwa hiyo natoa pendekezo, na nalitoa hadharani kabla ya kikao kijacho ili kila jumuiya ilijadili. Katika hesabu ya ujenzi tuongeze shilingi mbili kwa kila jiwe tunalonunua kuanzia sasa hadi kanisa likamilike. Fedha hizo zisiingie katika mfuko wa jumla. Zitumike kuzungushia ua na kupanda timbo ambalo mawe hayo yametoka, kwa makubaliano na mwenye shamba. Nimeulizwa na katekista wetu kwa nini asilipe mchimbaji. Kwa sababu mchimbaji namjua. Ni kijana mwenye sururu na msumeno, analipwa kwa idadi ya mawe, na vumbi jeupe limejaa kifuani mwake. Akiongezewa mzigo huo ataubeba tumboni mwa wanawe. Sheria inamtaka mwenye leseni arejeshe ardhi, na wenye leseni kubwa wafuatiliwe na wenye mamlaka. Lakini matimbo mengi ya kwetu ni ya shamba la mtu mmoja na wajukuu zake. Anayenunua jiwe kwa ajili ya nyumba ya Mungu ndiye awe wa kwanza kulipa bei yake kamili.

Wale wazee wawili wanaopinga matembezi watasema shilingi mbili kwa jiwe zitachelewesha paa. Zitachelewesha, ndiyo. Nimekaa na fundi, tumepiga hesabu, na kwa mawe yaliyobaki ucheleweshaji huo ni wa majuma machache. Tumewahi kuchelewa zaidi ya hapo kwa kumngoja mgeni wa heshima wa harambee.

Wala sidai kwamba tutapata twiga. Timbo letu ni dogo, na tutakachopata labda ni kivuli, boriti baada ya miaka kadhaa, na ukingo ambao mtoto hawezi kuuvuka kirahisi. Mzee wetu aliyekuwa kibarua Bamburi amekubali kuwaonyesha vijana namna ya kutoboa mwamba ili mche upate pa kushika mizizi, maana yeye aliwaona wakifanya hivyo. Ameomba jambo moja tu, kwamba asipewe kipaza sauti.

Nimekwisha kuzungumza na mwenye shamba lililotupa mawe ya ukuta wa mashariki. Alitusikiliza kwa mashaka, akauliza kama Wakatoliki wanataka kununua ardhi yake kwa hila, kisha akacheka na kusema tuje tulione shimo kwanza. Tutakwenda Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi, kutoka uwanja wa parokia. Miche 40 ya mivinje iko kwenye kivuli nyuma ya ofisi, na zamu ya kuimwagilia juma hili ni ya Jumuiya ya Mtakatifu Yosefu. Jana jioni nilipoipitia ilikuwa mikavu.